Wenye Makochi wa Jumatatu

Leo, Jumatatu tarehe 4 Septemba 1972, Bi Verna Ouellette anastaafu baada ya kulitumikia Jumba la Michezo ya Kuigiza la Tarbell Cove kwa miaka thelathini na mitano, ukitoa ile ya vita, ambapo hapakuwa na petroli ya kuwaleta watazamaji wala wanaume wa kupanda jukwaani. Alikuja kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zenyewe ndizo hizi zinazokwisha leo.

Bwana Harlan Sprague, meneja wetu, aliniomba wasifu mfupi wa kuweka katika kijitabu cha onyesho la leo, wenye heshima, usio na porojo. Heshima ataipata. Kuhusu porojo anisamehe, maana mimi ni msimamizi wa jukwaa hili, na msimamizi wa jukwaa huona mengi akiwa amesimama nyuma ya pazia na mdomo umefungwa.

Verna alizaliwa Lewiston, katika familia ya Wafaransa walioshuka kutoka Kanada kutafuta kazi viwandani. Mama yake alishona viatu, shangazi zake walishona viatu, naye akashona viatu mpaka Jumapili moja alipoigiza malkia mzee katika ukumbi wa kanisa. Kesho yake msimamizi wa kiwanda akamwambia, "Haya, Mtukufu Malkia, mashine yako inakungoja." Verna akaikalia mashine hadi Ijumaa, akapokea mshahara wake, akaaga. Tangu hapo kila majira ya baridi alizunguka na vikundi vya mikoani, akiigiza mashangazi na wajane katika kumbi za shule huku theluji ikimwagika nje. Kiangazi alirudi kwetu, katika ghala hili la nyasi lililogeuzwa ukumbi, ambalo mpaka leo mvua ikinyesha linanuka ng'ombe.

Wageni hudhani mchezo wa kiangazi ni likizo. Thubutu! Kila Jumanne tunafungua mchezo mpya. Usiku tunaigiza wa wiki hii, mchana tunafanya mazoezi ya ule wa wiki ijayo, na kichwa cha mwigizaji kinajaa kama sanduku la msafiri linalofungwa kwa kukaliwa. Usiku mmoja Verna, akiwa mtumishi wa nyumba ya tajiri, aliingia na sinia la chai akatangaza kwa sauti yake ile isiyo na wasiwasi, "Bwana, kasisi amefika kuwafungisha ndoa." Mchezo wa wiki ile haukuwa na kasisi wala ndoa. Ulikuwa na mume, mke na mwizi wa vito. Kasisi alikuwa wa wiki ijayo. Aliyeigiza mume akamtazama, akasema, "Mwambie amewahi mno. Arudi Jumanne." Watazamaji wetu, ambao ratiba wanaijua kutushinda sisi, walicheka mpaka mwizi akashindwa kuiba.

Kuna pia ile siku alipokuwa maiti. Alilala chini ya shuka vizuri kabisa, kisha vumbi la nyasi likamwingia puani, akapiga chafya ya kuamsha mtaa. Askari mpelelezi akavua kofia taratibu. "Afadhali," akasema. "Sasa atatuambia mwenyewe nani kamuua." Verna alicheka chini ya shuka hadi shuka likatingishika, na pazia likabidi lishuke. Ukimtajia habari hiyo leo, anakana. Anasema alikuwa paka.

Basi utauliza, na wengi wameuliza: mwanamke wa kipaji hiki, mbona miaka yote hii ni sinia, shuka na "bwana, mgeni amefika"? Mbona hajapewa uhusika mkuu?

Alipewa. Ilikuwa kiangazi cha 1938, katika mchezo wa mjane anayekataa kuiuza nyumba yake ingawa watoto wanamsonga. Mwanzoni mwa sehemu ya pili, mjane huingia, hukaa kwenye kochi, na kuwaambia watoto wake maneno marefu yanayobeba mchezo mzima. Verna aliingia. Akakaa. Siku hizo alikuwa bado anavaa miwani jukwaani, na kwa bahati mbaya akaziona nyuso, safu baada ya safu, zote zikimngoja yeye. Maneno yakamtoka kichwani kama maji yanavyotoka kwenye pakacha. Mwenye kazi ya kuwakumbusha waigizaji maneno kutoka pembeni alinong'ona, kisha akasema wazi, kisha akapiga kelele. Hakuna kitu. Pazia likashushwa, mwingine akamalizia akiwa na kitabu mkononi. Verna alikwenda jikoni, nyuma ya jukwaa, akavua gauni la mjane, akamwambia meneja wa wakati huo, "Kuanzia kesho nipeni sinia." Miwani hakuivaa tena jukwaani, na uhusika mkuu hakuutaka tena mbele ya watu.

Nimeandika "mbele ya watu" makusudi, maana hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa ya ajabu.

Nilipofika hapa mwaka 1946, utaratibu wetu ulikuwa wa nyota. Kila wiki tulimkodi mtu mashuhuri kutoka New York, awe ndiye jina kubwa kwenye bango. Mashuhuri hana muda wa kufanya mazoezi na sisi washamba. Anafika Jumatatu jioni, anaonyeshwa mlango uko wapi na kiti kiko wapi, na Jumanne anaigiza. Ina maana wiki nzima sisi tunafanya mazoezi na mtu wa kushika nafasi yake. Mtu huyo alikuwa Verna. Kila wiki alijifunza uhusika mkuu wote, akauigiza mchana katika ukumbi mtupu, na ikifika Jumanne akamkabidhi mwenyewe na kwenda kuchukua sinia lake.

Jumatatu yangu ya kwanza nilisimama pembeni nikiwa na saa mkononi. Verna alikuwa anashika nafasi ya mke aliyeachwa. Sijui niseme nini. Hakupaza sauti, hakurusha mikono. Alikuwa anakunja nguo za mume aliyemkimbia, moja moja, akiongea habari za bei ya mayai, nami nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono na machozi yananitiririka. Nikasahau kushusha pazia. "Estelle," akaniita kutoka jukwaani, "umelala, mwanangu?" Kesho yake nyota akapanda jukwaani, akaigiza uhusika uleule, watu wakapiga makofi, nami nikasema moyoni: makubwa haya.

Sasa nieleze habari ya makochi. Jumba letu halijawahi kuwa na fanicha. Kila wiki sebule mpya inahitajika jukwaani, na kila wiki tunaazima kwa watu wa mji: kochi kwa huyu, taa kwa yule, saa ya ukutani kwa mchungaji. Vitu vinaletwa Jumatatu asubuhi. Mchana tunapitisha mchezo wote navyo, na kwa desturi mwenye kitu anaruhusiwa kuingia kuangalia kimewekwa wapi na kinakaliwa na nani. Ni haki yake. Ndivyo alivyoingia Bi Leota Haskell kiangazi cha 1947. Alituazima kochi lake la mahameli ya kijani, naye alikuwa na hofu na wavuta sigara. Akakaa safu ya nyuma kulilinda.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha, Bi Leota alisimama akapiga makofi kwa nguvu zake zote.

Verna aliganda. Kisha akakimbia. Tulimkuta katika chumba cha mavazi, amejibanza kati ya makoti ya manyoya. "Kuna mtu," alisema. "Estelle, kuna mtu kule!" Nikamwambia ni Bi Haskell tu, kaja kulilinda kochi lake. "Kochi?" Naam, kochi. Akashusha pumzi, akajifuta uso. "Mlinzi wa kochi sawa. Mtazamaji simtaki. Na mwambie makofi akapigie kanisani."

Nilimwambia, na Bi Leota hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: wiki ijayo mnahitaji nini? Nikasema taa ya mezani. Jumatatu iliyofuata akaja na taa, mfuko wa kufuma, na dada yake aliyeleta zulia. Wakakaa nyuma kabisa, wakafuma, wakatazama, wakaondoka bila kusema neno. Jumatatu iliyofuata walikuwa sita.

Mji mdogo hauna siri, lakini mji mdogo ukiamua kuwa na siri, hata polisi hawaitoi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Watu waliambizana tu dukani, kanisani, kwenye karamu za maharage za Jumamosi. Masharti yakajulikana: azimisha kitu ndipo uingie. Usipige makofi. Usicheke. Njoo na kazi ya mikono. Ukiulizwa, umekuja kuangalia kiti chako.

Bwana Sprague alipochukua umeneja hakuambiwa chochote, na maskini alikaribia kurukwa na akili. Tuliwahi kuwa na mchezo wa gerezani, chumba kimoja na benchi moja. Watu wa Tarbell Cove wakaleta makochi. Wakaleta kabati la vyombo. Mtu mmoja akaleta kitanda cha mtoto. "Estelle," akaniambia Bwana Sprague huku ameshika kichwa, "mfungwa ataweka wapi kabati la vyombo?" Nikamwambia aje Jumatatu mchana aone mwenyewe. Akaja, akakaa nyuma ya Elwood Crockett, fundi wetu wa bomba, aliyekuwa ameleta kiango cha kutundikia kofia. Mfungwa wa mchezo ule alikuwa mwanamke, mtundu, mwenye ulimi, na Verna alimchekesha kila aliyekuwamo bila kujua kuwa wanacheka. Watu wazima walikuwa wanauma leso. Elwood aliuma kofia yake, akaiuma kwa nguvu, na alipoitoa meno yake ya bandia yakabaki ndani. Mkewe aliyachomoa kimyakimya na kumrudishia bila kuondoa macho jukwaani. Bwana Sprague alitoka mle amebadilika. Hakuuliza tena habari za kabati.

Na Verna? Bila miwani, watu wale kwake walikuwa mawingu tu. Alijua wapo, hilo halikuwa siri. Jikoni alikuwa akitikisa kichwa akimenya viazi: "Watu wa mji huu wanapenda makochi yao kuliko watoto wao. Mmewaona leo? Safu kumi! Mvua yote ile, kisa viti!"

Tulicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba ndani. Mwaka 1958 ukungu ulifunga pwani yetu, ndege ya nyota haikutua, na Jumanne jioni ukumbi ukawa umejaa watu na jukwaa halina mwenyewe. Bwana Sprague alimpigia Verna magoti. Simzulii, alipiga magoti kwelikweli, jikoni, juu ya maganda ya viazi. "Jana mchana umeuigiza mchezo huu wote bila kukosea neno!"

"Jana hapakuwa na mtu," Verna akajibu.

Jana walikuwapo watu zaidi ya themanini. Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Leota na tiketi yake, akanitikisia kichwa, hapana, nami nikalimeza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Angejua usiku ule kwamba walikuja kumwona yeye, kwa hofu ile, pengine jioni tungeikosa na Jumatatu tungezipoteza milele. Bwana Sprague akatoka kuwatangazia watu kwamba hakuna onyesho. Walisimama, wakavaa makoti, wakarudi majumbani kwao bila mtu kunung'unika. Bwana Sprague mpaka leo anadhani lilikuwa suala la adabu. Walikuwa wameshauona mchezo Jumatatu, bwana!

Tulipobaki wawili, Verna aliketi juu ya gunia la viazi akalia. Sikuwahi kumwona akilia nje ya mchezo. "Unajua kinachoniuma?" aliniuliza. "Si woga. Woga nimeuzoea. Nitakufa, Estelle, na hakuna mtu hata mmoja atakayeweza kusema, nilimwona Verna Ouellette akiigiza. Watasema aliwahi kuniletea chai."

Nilimpikia kahawa.

Miaka imekwenda. Nyota wamepungua, siku hizi wako kwenye televisheni, lakini mtindo wetu wa Jumatatu haukubadilika. Masika haya Verna alituambia magoti yamegoma na anarudi Lewiston kukaa na dada yake. Bwana Sprague akamuuliza anataka zawadi gani. Tulifikiri atasema saa, au kiti cha kubembea. Akasema anataka mchezo wa mjane na nyumba yake, ule wa 1938, uigizwe mara moja kwa taa zote na mavazi yote, naye awe mjane, Jumatatu mchana. Akainua kidole. "Bila watazamaji, Harlan. Niahidi. Wenye fanicha nitawavumilia, siwezi kuwazuia. Lakini wenye fanicha tu."

"Wenye fanicha tu," Bwana Sprague akaapa.

Na ahadi ni deni. Kwa hiyo tangu alfajiri ya leo watu wa Tarbell Cove wanaleta fanicha. Uwanja umejaa. Wameleta viti vya jikoni, meza za kupigia pasi, stuli za kukamulia ng'ombe, vioo, saa ambazo kila moja inasema yake. Polisi ameleta dawati. Watoto wa shule wameleta viti vya wanasesere wao. Elwood Crockett, asiyetaka mzaha na sharti, ameleta beseni la kuogea. Waliowahi kuhama mji wamerudi na taa zao kwenye magari. Bi Leota, ambaye sasa anatembelea fimbo mbili, ameleta lile kochi la mahameli ya kijani, na hilo ndilo mjane atakalokalia. Nasema haya nikiwa msimamizi wa jukwaa, niliyesimama mlangoni mwenyewe: hakuna aliyeingia bila kuazimisha kitu. Hakuna nafasi iliyobaki, hata ya kusimama.

Bwana Sprague alitaka mambo haya yasomwe mwisho, pazia likishashuka, yawe mshangao. Mimi na Bi Leota tulikataa. Mtu hafurahishwi kwa kuviziwa. Ndiyo maana nakala ya kwanza ya kijitabu hiki haikugawiwa mlangoni. Imewekwa kwenye meza ya vipodozi, karibu na kopo la poda, na miwani imewekwa juu yake.

Verna, mpenzi, sasa ni zamu yako kusoma.

Hawakuja kuangalia makochi. Hawajapata kuja kuangalia makochi. Ulisema huwezi kuigiza mbele ya watu. Umeigiza mbele yao kwa miaka ishirini na mitano, nao wamekulilia, wamecheka kwa kuuma leso, wameoana, wamezaa, wakaleta watoto wao na stuli ndogo waje wakuone. Mimi niliyekuona ukikunja nguo za mume aliyekukimbia nipo hapa leo. Yule mfungwa mtundu, mji huu bado unayasema maneno yake kwenye foleni ya posta. Uliniuliza swali ukiwa juu ya gunia la viazi, nami nikakupikia kahawa. Jibu hili hapa, limekaa safu baada ya safu upande wa pili wa pazia, na kila mmoja wao anaweza kusema alikuona.

Ukiamua kutoka na miwani, utawatambua. Ukiamua kutoka bila miwani, ni yale yale mawingu yako. Na ukiona leo haiwezekani, basi kaa hapo ulipo, mama, tutakaa nawe, sisi huku na wewe huko, na hakuna atakayekudai. Ulishatupa vya kutosha.

Kwa niaba ya jumba hili tunasema ahsante kwa kila mgeni uliyemtangaza, kwa kila chai iliyofika bila kumwagika, na kwa kasisi aliyewahi. Tunakuombea magoti yanyooke, jiko la dada yako liwe na joto, na Jumatatu zako ziwe ndefu na nyepesi. Tangazo la mwisho ni la kazi: sinia la chai leo litabebwa na Bwana Harlan Sprague, ambaye amefanya mazoezi wiki nzima na ameshavunja vikombe viwili.

Na tumeacha sindano za kufuma nyumbani, Verna. Leo tunahitaji mikono.

Estelle Michaud
Msimamizi wa Jukwaa